Manju Akilala Nyumbani Kwako

Wageni wengi huingia nyumbani wakatoka, nayo nyumba ikabaki ilivyokuwa. Shangazi anakuja kuzungumzia mahari, mnunuzi wa ng'ombe anakosa usafiri na kuomba pa kulala, mtoto wa ndugu anapita akielekea shuleni. Wanakula, wanalala, wanashukuru, wanaondoka. Msanii hulala siku hizohizo chache na kula ugali uleule, lakini akishaondoka wenyeji hujikuta wamesema mambo waliyoyanyamazia kwa miaka. Mke ameuliza swali. Kijana anataka kuaga. Mwenye kaya hapati usingizi.

Wengi huzilaumu tabia za wasanii: pombe, uvivu, macho yasiyotulia. Wapo wenye tabia hizo, kama walivyopo wafugaji na walimu wenye tabia hizo. Hata hivyo msanii mnyoofu, anayelala mapema na kuwasalimia wazee kwa adabu, naye huiacha nyumba imetikisika. Sababu basi iko ndani zaidi, katika kazi anayoifanya na katika namna kaya zinavyoishi. Nataka kuuliza ni kitu gani hasa kinachotikisika, na msanii ana haki gani ya kukitikisa.

Mkula ni mahali pazuri pa kuuliza swali hili. Iko Wilaya ya Busega, katika Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo eneo hili lilikuwa la Magu, Mkoa wa Mwanza. Upande mmoja kuna Ghuba ya Speke ya Ziwa Victoria, upande mwingine kuna nyika za Serengeti, na ukielekea Bariadi unaingia nchi ya Wantuzu. Katika nchi yote ya Wasukuma, tangu karne ya 19, wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili, Bagika na Bagalu. Masimulizi huwataja waanzilishi wao, Ngika na Gumha, kuwa manju, yaani watunzi na viongozi wa ngoma, na pia waganga, walioshindana kujua nani ana dawa kali zaidi ya kuwavuta watu. Mpaka leo, baada ya mavuno, pande hizo hukutana uwanjani, zikacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule ambaye umati umemkimbilia. Pale Bujora, karibu na Mwanza, ambako Padre David Clement alijenga makumbusho ya Wasukuma, mashindano hayo huwa sehemu ya sikukuu ya Bulabo kila Juni. Kundi la ngoma husafiri, na likisafiri hulala kwa watu. Hapo ndipo manju anapogeuka mgeni.

Tuifikirie kaya moja ya Mkula. Haina mwenyewe; naiunda ili tulione jambo lenyewe. Mzee ana wake wawili, watoto wengi, ng'ombe kadhaa na shamba la pamba. Pamba imekwisha kupimwa kwenye mizani ya AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, na fedha imeingia. Kwa furaha ya mavuno na kwa heshima yake kijijini, mzee anamkaribisha manju na vijana wake. Jioni manju anakaa shikome, kwenye moto wa wanaume, anasikiliza habari za mifugo na bei. Mchana anaomba maji jikoni, anapewa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, anakaa kidogo na kusikiliza habari nyingine: ni nani aliyepalilia, ni nani aliyechuma akiwa na mtoto mgongoni, ada ya shule imekwama wapi. Usiku wa mwisho anaimba. Wimbo wake unaihesabu mikono iliyochuma pamba, jozi kwa jozi, kisha unauliza fedha imelala mfukoni mwa nani. Hataji jina la mtu.

Hakuna aliyesikia jambo jipya usiku huo. Wake walijua, watoto walijua, mzee mwenyewe alijua. Lakini asubuhi kaya si ileile.

Nadhani hapa ndipo penye kiini. Kila mmoja kulijua jambo ni hali moja. Kila mmoja kujua kwamba wenzake nao wanalijua ni hali nyingine kabisa. Katika hali ya kwanza, mke mkubwa anaweza kudhani uchungu ni wake peke yake, mke mdogo akadhani hivyohivyo, na mzee akajituliza kwamba hakuna aliyehesabu. Amani ya kaya inasimama juu ya nafasi hiyo ndogo iliyopo kati ya kujua na kujuana. Wimbo unaifuta. Wote wamesikia pamoja, wameonana wakisikia, na wa kwanza kuinamisha kichwa ameonekana. Manju hakuleta habari. Aliwakutanisha watu na habari yao.

Nafasi yake ndani ya nyumba inamsaidia. Mwenye kaya hakai jikoni, na wake hawakai shikome. Mtoto hupita pote pawili, lakini hana ruhusa ya kusema. Msanii mgeni huwa mtu pekee aliyekaa kwenye mioto yote miwili na anayetarajiwa kufumbua kinywa. Amealikwa ili aimbe. Huwezi kumlaumu kwa kufungua mdomo ambao wewe mwenyewe umeulisha.

Lakini hatuwezi kuishia hapo, kwa sababu si kila ukimya ni uongo. Kuna nyumba ambamo watu wote wanajua kwamba mtoto fulani hakuzaliwa na yule anayemwita baba, na ukimya wao ndio unaompa mtoto huyo baba. Kuna ugonjwa usiotajwa kwa sababu mgonjwa ameomba usitajwe. Msanii anayeyafunua hayo kwa kisingizio cha ukweli ni mwizi wa stara. Inabidi tuwe na njia ya kutofautisha, na njia ninayoiona ni kuuliza nani anaulipia ukimya huo. Ukimya unaomkinga mnyonge tuuache. Ukimya ambao mnyonge ndiye anayeulipia, siku hadi siku, kwa jasho lake na kwa ada ya mwanawe, huo hauna haki ya kuitwa amani.

Historia yetu ina mfano mkubwa kuliko kaya moja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akauza vyungu, kisha akahamia mjini mwaka 1911. Sauti yake ilimwingiza katika nyumba za matajiri na za watawala, na mwaka 1928 ikampeleka Bombay kurekodi sahani za santuri. Wakati huohuo nyumba yake ya Ng'ambo ilikuwa mahali ambapo watu wa kawaida walikusanyika usiku. Miongoni mwa nyimbo zake maarufu ni ule wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja. Mtuhumiwa, Kijiti, akatorokea bara, na adhabu ikawaangukia wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Kila mkazi wa Ng'ambo aliisikia habari hiyo kabla haijawa wimbo. Baada ya wimbo, watu hawakuwa tena na minong'ono elfu moja iliyotengana. Walikuwa na hukumu yao wenyewe kando ya hukumu ya mahakama, na walijua kuwa ni yao wote. Mji mzima ulikuwa kaya, na mahakama ya kikoloni ilikuwa mzee wake.

Wayunani wa kale nao walikuwa na kisa kinachogusa jambo hili. Cicero, mwandishi wa Kirumi, anasimulia kwamba mshairi Simonides aliajiriwa na tajiri mmoja wa Thessaly, Scopas, aje kumsifu karamuni. Simonides akausifu ukoo wa Scopas, lakini akachanganya na sifa za miungu wawili mapacha. Scopas akakasirika, akamlipa nusu, akamwambia nusu nyingine akaidai kwa miungu hao. Punde mshairi akaitwa nje, na mara paa la ukumbi likaanguka, likaua wote waliokuwa ndani. Miili ilipondeka isitambulike. Ni Simonides aliyeweza kuwaambia ndugu zao nani ni nani, kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa ameketi wapi. Watu hukisimulia kisa hiki kama chanzo cha sanaa ya kumbukumbu. Kwangu kinaonyesha alichokuwa akifanya msanii muda wote wa karamu, hata mwenyeji alipodhani anatunga sifa tu: alikuwa anaona nani ameketi wapi. Scopas alitaka kununua mdomo bila kununua macho, na vitu hivyo viwili haviuzwi mbalimbali.

Kitu cha pili anachokitikisa msanii ni maana ya kazi. Waswahili tuna msemo kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Msemo huo unalinda haki: asiyelima asizoee kulishwa na anayelima. Lakini msanii anaonekana kuukwepa. Wengine wanapura mtama, yeye amekaa chini ya mti akitikisa midomo. Mtoto wa nyumba anaona kwamba kuna mtu mzima anayelishwa kwa sababu ya kusikiliza na kutunga, na kuanzia siku hiyo maisha ya shamba na ng'ombe hayawi tena maisha pekee yanayofikirika. Wazazi wanaoogopa manju atawachukua vijana wao hawaogopi bure. Wasukuma wanawajua vijana waliofuata ngoma msimu mmoja wakarudi baada ya misimu mingi.

Ila Usukuma huohuo umetoa jibu ambalo mtu asiyejua angeshangaa kulikuta: bugobogobo. Ngoma inapigwa shambani, safu ya walimaji inainua majembe kwa pigo moja, jembe linarushwa na kudakwa, na ardhi inapinduka kwa mwendo wa wimbo. Mwenye shamba anayeliita kundi kama hilo hulilisha. Hapo siku ya tatu imefika, mgeni amepewa jembe, naye ameligeuza kuwa sehemu ya ngoma yake bila kuacha kulima. Swali la iwapo sanaa ni kazi linakosa mahali pa kukaa. Linabaki swali gumu zaidi: kama kazi inaweza kufanywa kwa furaha na kwa fahari namna hii, kwa nini siku nyingine zote tunaifanya kama adhabu, na kwa nini wengine wanaifanya huku wengine wakisimamia? Mgeni aliyelima vizuri kuliko mwenyeji hutikisa zaidi kuliko mgeni mvivu.

Ipo namna nyingine ya kumpokea msanii, nayo ni kumpokea bila kumwona. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akafanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akawa mtumishi wa nyumbani kwa Mzungu mmoja Dar es Salaam. Aliingia nyumba ile kama mikono: ya kufagia, ya bustani, ya kubeba. Mtu anayepokewa kama mikono hana anayeyaogopa macho yake, wala hakuna anayeyategemea. Yapata mwaka 1968 alianza kuchora wanyama na ndege kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na mkewe, Agatha Mataka, akaziuza picha hizo Oysterbay. Nyumba iliyotikisika ilikuwa yake mwenyewe. Ndugu na jamaa walikuja kwake kujifunza, chumba kikageuka karakana, na mwaka 1972 polisi walipompiga risasi na kumuua kwa kumdhania mhalifu, mikono iliyokuwa imejifunza haikusimama. Ushirika unaobeba jina lake umeendelea kuchora mpaka leo.

Na ipo namna ya tatu, ya kumsifu ili asikae. Katika kitabu chake cha Jamhuri, Plato anasema kwamba mshairi mwenye kipaji cha kuiga kila kitu akifika mjini mwao watamheshimu, watampaka marashi kichwani, watamvika taji la sufu, kisha watamsindikiza aende mji mwingine. Sisi tunaifanya kila mwaka. Harusini na kwenye mikutano ya kampeni manju anaitwa, anatajiwa majina ya kusifiwa, anatunzwa noti, anapakiwa kwenye gari. Hakuna anayemkaribisha kulala, kwa sababu anayelala husikia. Plato alikuwa mkweli kuliko sisi. Alijua kwamba anamfukuza.

Nimemtetea msanii kwa muda mrefu, na sasa sharti nimdai. Kula chakula cha watu, kuingia siri zao, kisha kuondoka na wimbo, si jambo dogo. Mwenyeji ametoa imani. Ana haki ya kudai nini?

Uwanja wa Bagika na Bagalu unafundisha kanuni moja: wimbo hujibiwa. Manju anayeutupa mshororo wa kejeli upande wa pili anajua utarudi kwake, mbele ya umati uleule, ukiwa umenolewa. Utani wetu una kanuni hiyohiyo. Mtani anaruhusiwa kumcheka mfiwa msibani, hata kuyasema makosa ya marehemu, kwa sababu siku yake ikifika mfiwa huyo atakuja kumtendea vivyo hivyo. Ruhusa ya kuumiza inasimama juu ya utayari wa kuumizwa. Msanii anayeimba juu ya kaya akiwa mbali, mbele ya watu wasioijua, amejitoa katika kanuni hiyo. Siku hizi hatari hii imekua. Wimbo uliotungwa usiku kwenye shikome unaweza kurekodiwa kwa simu na asubuhi ukawa umefika Kahama, Dar es Salaam na Muscat, mahali ambapo mke mdogo wa Mkula hana namna ya kuinuka na kusema: hilo umelisema sawa, lakini hili hukulielewa. Aliyekuwa shahidi amegeuka mchuuzi wa aibu za watu.

Mtu atanipinga kwamba kanuni ya kujibiwa inawafaa wanaolingana tu. Pingamizi hilo lina uzito. Mwaka 1954 serikali ya kikoloni ilikizuia chama cha TANU Usukumani, na zuio hilo likadumu mpaka 1958. Katika miaka hiyo nyimbo za shambani na za ngoma zilibeba maneno ambayo mkutano wa hadhara usingeweza kuyabeba. Mwimbaji wa wakati ule aliyeambiwa abaki asikilize jibu angejibiwa kwa pingu. Fumo Liyongo naye, katika masimulizi ya pwani, alipofungwa gerezani na mtawala aliyeihofia sifa yake, alimtumia mama yake ujumbe kwa wimbo, akaletewa tupa ndani ya mkate wa wishwa, na akakata minyororo huku kelele za ngoma ya gungu zikiifunika sauti ya chuma. Mbele ya mwenye pingu, msanii anahitaji mlango wa nyuma, na hakuna mwenye haki ya kumdai aufunge.

Lakini mwenye kaya naye ni mtawala mdogo. Akisema anataka haki ya kujibu, mara nyingi anataka neno la mwisho, na neno la mwisho alikuwa nalo kabla mgeni hajafika. Ndiyo maana nafikiri haki ya kujibu si ya mwenye kaya peke yake. Ni ya kaya nzima, na kwanza ni ya wale ambao wimbo umedai kuwasemea. Manju aliyeihesabu mikono iliyochuma pamba amesema kwa niaba ya wake na watoto. Alikuwa sahihi? Ni wao wa kusema. Pengine mke mkubwa atasema fedha haimuumi kama kutoulizwa. Pengine kijana atasema hataki fedha, anataka ekari yake. Maneno hayo hayakuwa katika wimbo, wala yasingetamkwa bila wimbo.

Kwa hiyo kipimo changu cha mtikisiko wa haki ni hiki: baada ya msanii kuondoka, ni nani anayesema ambaye hapo awali hakusema? Kama sauti iliyoongezeka ni ya msanii tu, basi alikula akatumia. Kama kaya imegawanyika kati ya wanaomchukia na wanaompenda, lakini habari yote bado ni yeye, amejipanda mwenyewe katika shamba la wengine. Siti anapita katika kipimo hiki, kwa sababu nyumba yake ilijaa watu waliokuja kuhukumu mambo ya mji kwa vinywa vyao. Tingatinga anapita, kwa sababu alipokufa waliobaki walikuwa wachoraji. Na manju wetu wa kufikirika anapita iwapo, wiki moja baada ya vijana wake kubeba ngoma zao, watu wa kaya ile wamekaa pamoja, shikome na jikoni, wakahesabu fedha ya pamba mbele ya walioichuma, hata kama wanabishana.

Kubishana huko si kuvunjika kwa nyumba. Nyumba ambayo wake hawaulizi na watoto hawadai inaonekana imara kwa sababu uzito wake umeegemezwa kwa wasiolalamika, na siku mmoja wao akichoka itaanguka bila msanii yeyote kuigusa. Msanii huharakisha tu swali, wakati bado kuna nguvu ya kulijibu. Anayempokea ajue anachokipokea, asidhani amekodi burudani. Naye anayepokewa akumbuke kwamba chakula alichokula kilipikwa na mtu, na kwamba mtu huyo ana neno lake. Kaya inayohofia kumlaza manju hata usiku mmoja ianze kusemezana kabla hajafika.